Tabibu wa Mbagala Naye ni Mtafiti

Kati ya Desemba 2014 na Februari 2016, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Uswisi walifuatilia watoto wenye homa katika vituo 9 vya tiba jijini Dar es Salaam. Watoto 3,192, wa umri wa miezi 2 hadi 59, waligawanywa kwa kura kati ya miongozo miwili ya matibabu iliyowekwa kwenye tableti, na pembeni likawepo kundi dogo lililotibiwa kwa mazoea ya kila siku. Katika kundi hilo la mazoea, watoto 95 kati ya kila 100 waliandikiwa antibayotiki. Katika kundi la mwongozo mpya, uliopewa jina la e-POCT, walioandikiwa dawa hizo hawakufika 12 kati ya 100. Wala hawakudhurika kwa kunyimwa: ambao matibabu yalishindikana ndani ya siku saba walikuwa asilimia 2.3, wakati kwenye mwongozo wa pili walikuwa asilimia 4.1.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la PLoS Medicine. Lakini yupo mtu aliyekuwa na habari hizo muda mrefu kabla ya jarida, tena bila kuambiwa na yeyote. Ni tabibu anayekaa kwenye chumba cha wagonjwa wa nje, Mbagala au Tandika, akimwandikia amoksilini mtoto wa thelathini asubuhi hiyo huku moyoni akijua kwamba wengi wao wana mafua tu. Anajua pia kwa nini anaandika. Foleni imefika nje ya mlango. Mama ametoka Chamazi kwa nauli ya kuazima na hataki kurudi mikono mitupu. Kipimo cha kumsaidia kuamua hakipo, na mtoto akizidiwa usiku, lawama zitamrudia yeye. Swali la utafiti ule, kwamba je, mtoto huyu anaihitaji kweli dawa hii, lilikuwa swali lake kwanza.

Makala haya yanamhusu yeye. Yanahusu pia muuguzi mkunga wa chumba cha pili na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezunguka mtaani. Tanzania ina utafiti mwingi uliofanyika katika huduma za afya ya msingi, na baadhi yake umebadilisha tiba duniani. Isichonacho ni ajira ya utafiti kwa mtu wa afya ya msingi. Anayetaka kuwa mtafiti sharti aondoke zahanati, na anayebaki zahanati huishia kusaidia utafiti wa wengine. Hilo ni kosa la kimfumo, nalo linatugharimu kuliko tunavyodhani.

Hadithi ya homa inaonyesha vizuri thamani ya kazi hii. Kwa miaka mingi, kila mtoto aliyechemka Dar es Salaam alihesabiwa kuwa na malaria. Mwaka 2004 utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi ulionyesha kwamba hata miongoni mwa waliolazwa kwa malaria kali, wenye vimelea kwenye damu hawakufika nusu. Kisha vikaja vipimo vya haraka vya malaria. Vilipoanza kutumika katika vituo vya Dar es Salaam, matumizi ya dawa za malaria yalishuka kwa takriban robo tatu, jambo la kushangilia, ila antibayotiki zikapanda. Mtoa huduma aliyeambiwa kwamba hii si malaria hakuambiwa ni nini, akashika dawa iliyo karibu.

Ndipo timu ya mtafiti Valérie D'Acremont ikauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa zamani: kama si malaria, ni nini? Mwaka 2008 walichukua watoto 1,005 wenye homa waliofika kama wagonjwa wa nje katika Hospitali ya Amana, Ilala, na kule mjini Ifakara, wakawapima kwa kila njia iliyokuwapo. Majibu yalitoka mwaka 2014 katika The New England Journal of Medicine. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na ni sehemu ndogo tu ya hao waliokuwa na nimonia iliyothibitishwa kwa picha. Malaria ilikuwa kwa asilimia 10.5. Watoto saba kati ya kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao antibayotiki haiugusi. Tabibu Mtanzania Amani Shao na wenzake wakaonyesha mwaka 2015 kwamba mwongozo wa kwenye simu unaweza kushusha antibayotiki kutoka asilimia 84 hadi 15, na watoto wakapona vizuri zaidi. Karibu mwongo mmoja baadaye, mrithi wa miongozo hiyo alijaribiwa katika vituo 40 vya Morogoro na Mbeya, na tofauti ikawa ileile kwa sura: asilimia 23 dhidi ya 70.

Huo ni mnyororo wa miaka ishirini wa maswali, mengi yakiwa ya chumba cha wagonjwa wa nje. Hakuna hata kiungo kimoja kilichotoka kwenye maabara ya kifahari. Karibu vyote vimetoka kwenye benchi la mama na mtoto.

Temeke yenyewe, ziliko Mbagala na Tandika, imekuwa shamba la utafiti kwa muda mrefu. Ni manispaa ya watu 1,346,674 kwa sensa ya 2022, wengi wao wakiwa wamebanana kati ya Barabara ya Kilwa na reli ya TAZARA, na msongamano huo ni mateso kwa mkazi na fursa kwa mtafiti. Mpango wa Kudhibiti Malaria Mijini ulipoanza mwaka 2004 katika kata 15 za jiji, tano zilikuwa za Temeke: Azimio, Keko, Kurasini, Miburani na Mtoni. Wakazi wa kawaida walifunzwa kuchora ramani za mashina ya nyumba kumi kumi, kuingia kwenye mitaro na mashamba ya matembele, kutafuta viluwiluwi na kuvihesabu. Mwaka 2006 Kurasini ikawa miongoni mwa kata tatu za kwanza kunyunyiziwa dawa ya kibiolojia kwenye mazalia ya mbu, na maambukizi ya malaria katika kata hizo yakapungua waziwazi. Prosper Chaki wa Ifakara alijenga sehemu ya usomi wake kwa kuwachunguza watu hao hao wa mitaani: nani kati yao anayaona mazalia, nani hayaoni, na kwa nini.

Tangu Novemba 2013 Hospitali ya Temeke imekuwa pia kitovu cha utafiti mkubwa wa kifua kikuu, uitwao TB-DAR, unaowafuatilia watu wazima wanaogunduliwa kuwa na ugonjwa huo. Kutokana na makohozi ya wagonjwa wa Temeke, wanasayansi wamesoma vinasaba vya vimelea zaidi ya elfu moja na kueleza, katika chapisho la mwaka 2023, kwamba kifua kikuu cha Dar es Salaam kimetokana kwa sehemu kubwa na vimelea vilivyoingizwa mara nyingi kutoka nje ya Afrika katika kipindi cha takriban miaka 300. Pwani iliyofanya biashara na dunia ilibeba na maradhi ya dunia. Mtanzania wa kundi hilo, Jerry Hella, aliongoza kazi ya kuvutia zaidi kwa mpanda daladala: walipima hewa ukaa ndani ya magari ya abiria, masokoni, madarasani, kwenye nyumba za ibada na gerezani, ili wakadirie ni kiasi gani cha hewa anayovuta mtu kimetoka kwenye mapafu ya mwenzake. Gerezani ndiko hatari ilikokuwa kubwa kuliko kote.

Kazi hizi ni za heshima, na Watanzania wameshika usukani katika baadhi yake. Swali ni nani anabaki na nini mradi ukifungwa. Muuguzi wa kliniki aliyewaeleza wagonjwa mamia kwa mamia maana ya fomu ya ridhaa, akawabembeleza warudi mwezi wa pili na wa tano, akajua nani amehama kutoka Keko kwenda Kongowe na nani amefichwa ugonjwa wake na mume, hupata posho kwa siku alizofanya kazi. Vijana walioajiriwa kujaza madodoso hupata mkataba wa mwaka, wakibahatika miwili. Ukifika mwisho, maarifa ya kumfuata mgonjwa katika mitaa isiyo na namba za nyumba hutawanyika, na mradi unaofuata huanza kufundisha wapya. Ni vigumu kupata hasara nyingine ya namna hii inayokubalika kimya kimya.

Upande wa serikali nao haujamwekea ngazi. Tabibu hupanda madaraja kwa miaka ya utumishi, tathmini ya kazi na vyeti vya masomo. Mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Muhimbili (MUHAS) hupanda kwa machapisho, na mtafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1979, ana cheo chenye neno utafiti ndani yake. Tabibu wa Yombo Vituka akiandika kesho ugunduzi wa maana kutoka kwenye rejesta yake, ugunduzi huo haumwongezei daraja, mshahara wala saa moja ya nafasi katika wiki. Wenye vipaji wanaliona hilo mapema. Wanaomba masomo ya uzamili ya afya ya jamii, wanahamia ofisi za miradi Mikocheni na Msasani, na zahanati inabaki na pengo katika orodha ya zamu.

Kwamba mambo yanaweza kuwa vinginevyo, Tanzania ilikwisha kuonyeshwa, tena kutoka mkoa ambao wakati ule ulikuwa miongoni mwa iliyosahaulika zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa uzazi Godfrey Mbaruku alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya mkoa wa Kigoma. Kati ya kila vizazi hai 100,000, walikufa kina mama 933. Hakusubiri mradi. Alifungua mafaili ya waliokufa, akaorodhesha kilichokosekana kwa kila mmoja, akapanga na wenzake hatua 22 za kurekebisha, nyingi zikitegemea watu na vitu vilivyokuwapo pale pale Kigoma. Kufikia 1991 vifo vilikuwa vimeshuka hadi 186. Yeye na Staffan Bergström wa Sweden wakachapisha taarifa hiyo mwaka 1995, nayo ingali inatajwa popote wanapojadili uhai wa wazazi. Shahada yake ya uzamivu, kutoka Taasisi ya Karolinska huko Sweden, ilikuja mwaka 2005, yaani miaka mingi baada ya kazi yenyewe, kisha akawa mmoja wa watafiti wakubwa wa Ifakara. Mbaruku ni marehemu sasa. Utaratibu wa kuzalisha wengine kama yeye haukuwahi kuwekwa. Alijitengeneza mwenyewe, na taifa likafaidi kwa bahati.

Hata huko Ulaya taaluma hii ilianza na watu wa pembezoni. William Pickles alikuwa daktari wa bonde la mashambani, Yorkshire, na mwaka 1939 alichapisha kitabu kuhusu namna magonjwa yanavyosafiri, kutokana na kumbukumbu za wagonjwa aliowafahamu kwa majina. Julian Tudor Hart alihamia Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, akapima shinikizo la damu la wakazi wake wote badala ya kungoja wapooze. Mwaka 1971, katika jarida la The Lancet, aliandika hoja inayojulikana hadi leo: huduma nzuri ya afya huwa adimu zaidi pale inapohitajika zaidi. Ni mtu aliyeishi na wagonjwa wake ndiye aliyeweza kuiona. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilikwisha kutoa nafasi ya uprofesa wa udaktari wa jumla mwaka 1963, na kuanzia hapo kijana wa Uingereza aliweza kumtibu mgonjwa asubuhi na kuchambua takwimu mchana bila kuonekana mtoro.

Kwetu hatua zimekuwa fupi. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianzisha Dar es Salaam mwaka 2004 mafunzo ya udaktari bingwa wa familia, na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kikafuata upande wa Kenya mwaka uliofuata. Wahitimu wamepatikana, lakini bingwa wa familia bado si cheo ambacho mkazi wa Charambe anategemea kukikuta kwenye kituo chake cha afya. Pasipo nafasi hiyo, hata mwanafunzi wa udaktari anayeipenda afya ya msingi hana wa kumtazama na kusema, nataka kuwa kama yule.

Kuna suala la majina kwenye machapisho, na halipendezi. Mwaka 2019 Bethany Hedt-Gauthier na wenzake walichambua makala 7,100 za utafiti wa afya barani Afrika. Kwa jumla, zaidi ya nusu ya waandishi walitoka katika nchi iliyotafitiwa. Ila pale ambapo washirika walitoka vyuo vikubwa vya Marekani, waandishi wenyeji waliotangulia katika orodha walikuwa asilimia 23 tu, na makala 13 hadi 14 kati ya kila 100 kwa ujumla hazikuwa na mwenyeji hata mmoja. Mwandishi wa kwanza ndiye anayepata ufadhili unaofuata. Kwa hiyo pengo hili hujizalisha lenyewe, na mtu wa zahanati, aliye chini kabisa ya orodha au katika aya ya shukrani, halipiti.

Lugha nayo inamfungia nje. Fomu ya ridhaa huletwa Temeke kwa Kiswahili, kwa kuwa maadili yanadai mgonjwa aelewe anachokubali. Dodoso ni Kiswahili. Mahojiano ni Kiswahili. Matokeo yakishapatikana, yanaandikwa kwa Kiingereza, yanawekwa kwenye jarida, na muhtasari wa kurudi kituoni, ukiwepo, ni slaidi chache kwenye kikao cha manispaa. Mama aliyekubali mwanawe atolewe damu, na muuguzi aliyeitoa, wana haki ya kusoma kilichogunduliwa kwa lugha waliyoombwa nayo. Kamati za maadili zinazokagua fomu za kuombea ridhaa zinaweza kudai pia ripoti ya Kiswahili kabla mradi haujafungwa, na hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hilo.

Kuhusu namna ya kuanza, jirani amefanya jambo la kuigwa. Mwaka 2013 watafiti wa Nairobi, Wizara ya Afya ya Kenya na madaktari wa watoto walianzisha mtandao wa hospitali za kaunti. Kila hospitali huboresha kumbukumbu za watoto waliolazwa, takwimu huchambuliwa pamoja, na ripoti hurudi kwa madaktari na wauguzi wenyewe ili waone wapi wamepungukiwa. Machapisho yanayotoka hubeba jina la kundi zima, madaktari wa wodini wakiwemo. Hizo ni hospitali, lakini Temeke inaweza kufanya hivyo hivyo ngazi ya chini zaidi, kwa sababu mali ghafi ipo tayari. Kila zahanati inajaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya: nambari 5 kwa wagonjwa wa nje, 6 kwa wajawazito, 7 kwa watoto. Wahudumu hutumia saa nyingi kuvijaza, takwimu hupanda kwenda wizarani, na mara chache humrudia aliyeziandika zikiwa na maana yoyote. Kuwafundisha kuuliza vitabu vyao wenyewe maswali ni mwanzo wa taaluma nzima.

Watasema wakosoaji kwamba zahanati haina watu wa kutosha hata wa kutibu, itakuwaje wapewe utafiti? Hoja hiyo ina uzito, na aliyewahi kukaa kwenye benchi la Mbagala Rangi Tatu siku ya Jumatatu hawezi kuipuuza. Lakini tazama takwimu za e-POCT tena. Antibayotiki kwa watoto 95 kati ya 100 ni fedha za dawa, ni usugu wa vimelea, ni matibabu ya kurudia. Siku moja kwa wiki ya tabibu mmoja, katika kituo kimoja kati ya vitano, ni gharama ndogo kando ya hizo. Na mtu anayeruhusiwa kufikiri kuhusu kazi yake ana sababu moja zaidi ya kubaki nayo.

Kinachohitajika ni nafasi za ajira zenye jina: tabibu mtafiti, muuguzi mtafiti, chache kwa kila halmashauri, wanaotibu siku nyingi za wiki na kutafiti siku iliyobaki, wakilelewa na msimamizi kutoka MUHAS, Ifakara au NIMR, na machapisho yao yakihesabiwa katika kupanda daraja. Mpango kabambe wa afya wa halmashauri huandikwa kila mwaka na una vifungu vya mafunzo, semina na usimamizi. Kifungu cha utafiti kinaweza kukaa humo. Miradi mikubwa inayokuja Temeke nayo iwekewe sharti la kuacha nyuma watu waliosomeshwa, kwa idadi iliyoandikwa kwenye mkataba, kama inavyoandikwa idadi ya sampuli.

Swali la kuanzia nalo limekwisha kuandaliwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, Pascal Bovet na wenzake walipima shinikizo la damu la watu 9,254 wa Dar es Salaam. Baada ya kupimwa mara nne, 161 walithibitika kuwa na shinikizo kubwa la kudumu ilhali hawakuwa kwenye tiba. Walielezwa, wakashauriwa waende kituoni. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 34 walikuwa wamefika kwa mtoa huduma. Waliokuwa wakitumia dawa walikuwa asilimia 3.

Kwa nini? Nauli, bei ya vidonge, dawa kuisha kituoni, imani kwamba presha ni ya wenye mawazo na itaondoka yenyewe, au lugha ya mtu aliyekuwa zamu siku ile? Jibu la Buza huenda si la Mtoni Mtongani. Tabibu wa kituo cha afya ana rejesta ya waliopimwa Januari na wasioonekana Machi, ana mhudumu wa jamii anayejua milango yao, na anaongea nao lugha moja. Apewe siku yake ya Alhamisi, kibali cha maadili na mtu wa kumfundisha uchambuzi, na katika mwaka mmoja Temeke inaweza kuwa na orodha yake ya sababu, kituo kwa kituo, iliyobandikwa kwa Kiswahili kwenye ubao wa matangazo wa kila kimoja.